Mkataba Uliogeuzwa Miradi: Kisa cha Utetezi wa Utafiti wa Dawa katika Shirika la Afya Duniani

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu juhudi za zaidi ya miaka kumi za kulishawishi Shirika la Afya Duniani (WHO) lisimamie mkataba wenye nguvu ya kisheria, ambao ungezibana serikali zote kugharimia utafiti wa dawa, chanjo na vipimo vya magonjwa yanayowasumbua maskini. Nchi, maazimio na tarehe vimetajwa kama vilivyo kwa sababu vimo katika kumbukumbu zilizo wazi kwa kila mtu. Wajumbe, maofisa na asasi za kiraia zilizohusika hawatajwi kwa majina. Wasomaji waliokusudiwa ni wale walioko wizarani, katika taasisi za utafiti au katika asasi za ukanda wetu ambao wanajiandaa kupeleka hoja ya afya Geneva, yaliko makao makuu ya WHO, na wangependa kujua njia hiyo iliwahi kuwafikisha wapi waliotangulia.

Usuli

Hadi miaka ya mwanzoni mwa karne hii, mgonjwa wa malale (ugonjwa wa usingizi) ambaye vimelea vilikuwa vimekwishaingia kwenye ubongo, awe Kongo, kaskazini mwa Uganda au kusini mwa Sudan, mara nyingi alitibiwa kwa melasoproli, dawa yenye aseniki iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1940. Dawa hiyo ilihitaji bomba la sindano la kioo kwa kuwa kimiminika chake kiliharibu plastiki. Wagonjwa walieleza kuwa inaunguza mishipa yote inamopita, na takriban mmoja kati ya kila ishirini waliodungwa aliuawa na dawa yenyewe, si ugonjwa. Wauguzi walilijua hilo na bado walidunga, kwa kuwa asiyetibiwa hufa. Dawa mbadala, eflonithini, ilikuwepo, lakini utengenezaji wake ulisimamishwa katika miaka ya 1990 kwa kukosa soko, na ulirejeshwa mwaka 2001 tu, baada ya shinikizo la mashirika ya tiba na makubaliano kati ya WHO na kampuni husika.

Malale haikuwa peke yake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kati ya dawa mpya 1,393 zilizoingia sokoni duniani kati ya mwaka 1975 na 1999, ni 16 tu zilizokuwa za magonjwa ya kitropiki na kifua kikuu. Sababu yake haikuwa ugumu wa kisayansi. Mfumo wa hataza, yaani haki ya pekee ya kutengeneza na kuuza kilichogunduliwa, humlipa mgunduzi kupitia bei ya dawa, na bei hulipwa na mwenye fedha. Ugonjwa wa watu wasio na fedha, hata wakiwa mamilioni, haumlipi mtu chochote. Kuongeza ulinzi wa hataza hakubadilishi hesabu hiyo, na hili ndilo jambo ambalo watetezi waliliona mapema kuliko serikali zao.

Kenya iliingia katika mjadala huu ikiwa na uzoefu wake. Mwaka 2001 Bunge lake lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwanda iliyofungua njia ya kuagiza dawa za bei nafuu za kupunguza makali ya Ukimwi, baada ya muungano wa asasi za kiraia kuibana serikali bila kuchoka. Miaka miwili baadaye Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa DNDi, shirika lisilo la kibiashara la kutafuta dawa za magonjwa yasiyopewa kipaumbele. Kwa hiyo palikuwa na watu Nairobi waliojua mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba dawa inaweza kutengenezwa nje ya mfumo wa faida, na kwamba fedha za kuitengeneza hivyo zilitoka kwenye michango ya hiari ambayo ingeweza kukoma mwaka wowote.

Mfuatano wa matukio

Mwaka 2003 Baraza la Afya Duniani, chombo cha juu cha WHO ambamo kila nchi mwanachama ina kura moja, liliamua kuunda tume ya kuchunguza uhusiano wa miliki bunifu, ubunifu na afya ya umma. Tume hiyo ilitoa ripoti yake Aprili 2006. Kabla ripoti haijatoka, Kenya ilikuwa tayari imewasilisha rasimu ya azimio kuhusu utafiti muhimu wa afya, na Brazili ikajiunga nayo. Rasimu hiyo ilipita kwenye Bodi Tendaji ya WHO, inayoandaa hoja za Baraza, mnamo Januari 2006 ikiwa na maneno mengi yaliyozungukwa na mabano, yaani maneno ambayo hayajaafikiwa, na mwezi Mei ikawa azimio WHA59.24. Azimio hilo liliunda kikundi cha kiserikali cha majadiliano ambacho, baada ya miaka miwili ya vikao vilivyokwenda hadi usiku wa manane, kilizaa Mkakati wa Kimataifa na Mpango wa Utekelezaji uliopitishwa Mei 2008 kwa azimio WHA61.21. Ndani ya mkakati huo liliingizwa wazo la kuendelea kujadili uwezekano wa mkataba wa utafiti wa afya.

Swali la fedha liliachiwa jopo la wataalamu. Jopo la kwanza lilivunja imani ya nchi nyingi zinazoendelea: mwishoni mwa mwaka 2009 ilibainika kwamba nyaraka zake za rasimu zilikuwa zimevuja na kufika mikononi mwa wawakilishi wa viwanda vya dawa kabla nchi wanachama hazijaziona. Mei 2010 Baraza likaunda jopo jipya la ushauri lenye wajumbe 21 kutoka kanda zote za WHO, na safari hii vikao vyake vilikuwa na uwazi zaidi.

Ripoti ya jopo hilo jipya, iliyotolewa Aprili 2012, ndiyo kilele cha kisa hiki. Ilipendekeza mambo ambayo hadi wakati huo yalikuwa yakisemwa na wanaharakati peke yao: kwamba mazungumzo rasmi ya mkataba yaanze chini ya Ibara ya 19 ya Katiba ya WHO, inayoliruhusu Baraza kupitisha mikataba, kwamba kila nchi, tajiri na maskini, itenge angalau asilimia 0.01 ya pato lake la taifa kwa utafiti unaolenga mahitaji ya nchi zinazoendelea. Kwamba sehemu ya fedha hizo, kati ya asilimia 20 na 50, ipitie mfuko wa pamoja. Na kwamba gharama ya utafiti itenganishwe na bei ya dawa.

Mwezi uliofuata Kenya iliwasilisha rasimu ya azimio la kuanza mazungumzo. Nchi zenye viwanda zilikuja na rasimu yao, na nchi za Amerika ya Kusini na yao. Marekani, Umoja wa Ulaya na Japani hazikukubali kwamba wakati wa mkataba umefika. Baada ya siku kadhaa za kikundi cha uandishi, lilitoka azimio moja, WHA65.22, lililoagiza mashauriano ya kitaifa, mijadala katika kamati za kanda, na mkutano wa wazi wa nchi wanachama kabla mwaka haujaisha.

Ratiba iliyotokana na azimio hilo inastahili kutazamwa kwa karibu. Kamati ya Kanda ya Afrika ilikutana Luanda kuanzia Jumatatu tarehe 19 hadi Ijumaa tarehe 23 Novemba 2012. Mkutano wa wazi wa Geneva ulianza Jumatatu tarehe 26. Msimamo wa kanda yenye mzigo mkubwa kuliko zote wa magonjwa yanayojadiliwa ulikuwa na wikiendi moja ya kusafirishwa kutoka Angola hadi Uswisi, kusambazwa kwa mabalozi, na kugeuzwa kuwa maelekezo ya kila aya. Kanda nyingine zilikuwa zimemaliza kamati zao takriban miezi miwili kabla.

Mkutano huo wa siku tatu uliafikiana juu ya mpango kazi: kituo cha kimataifa cha kufuatilia takwimu za utafiti wa afya, uratibu bora zaidi, na miradi michache ya mfano ya kupima njia mpya za kugharimia utafiti. Suala la mkataba liliahirishwa hadi mkutano mwingine wa wazi, ambao ungefanyika kabla ya Baraza la mwaka 2016. Mei 2013 mpango huo ulipitishwa kwa azimio WHA66.22.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuipeleka hoja WHO badala ya Shirika la Biashara Duniani au lile la Miliki Bunifu. Sababu zake zilikuwa nzito. Katika WHO wizara ya afya ndiyo inayozungumza, si wizara ya biashara, na Ibara ya 19 inaruhusu mkataba kupitishwa kwa theluthi mbili ya kura. Mkataba wa Udhibiti wa Tumbaku ulikuwa umepitishwa kwa njia hiyohiyo mwaka 2003 na kuanza kutumika 2005, hivyo watetezi walikuwa na kielelezo kibichi cha kuwaonyesha wenye mashaka. Naona uamuzi huu ulikuwa sahihi, ingawa mfano wa tumbaku ulifunika tofauti moja kubwa nitakayoirudia.

Uamuzi wa pili ulikuwa kudai mchango wa wote. Ingekuwa rahisi kuziomba nchi tajiri pekee, lakini hilo lingeirudisha hoja kwenye lugha ya misaada. Kwa asilimia 0.01, dunia nzima ingekusanya takriban dola bilioni 7 kwa mwaka kwa kipimo cha uchumi wa wakati ule, wakati Kenya, yenye pato la takriban dola bilioni 50, ingedaiwa kama dola milioni 5. Kiasi hicho kililingana na uwezo wake na kingeipa haki ya kukaa mezani kama mchangiaji inapoamuliwa ni ugonjwa gani utafitiwe kwanza.

Uamuzi wa tatu, na ndio unaozungumzwa zaidi miongoni mwa waliofuatilia, ulikuwa kutoomba kura Mei 2012. Kwa hesabu ya nchi, theluthi mbili haikuwa ndoto. Lakini Baraza huendeshwa kwa maafikiano, na nchi inayolazimisha kura juu ya jambo linalohusu fedha hulipia baadaye katika mambo mengine. Isitoshe, mkataba humfunga aliyeuridhia tu. Marekani ilitia saini ule wa tumbaku mwaka 2004 na hadi leo haijauridhia. Mkataba wa kugharimia utafiti uliopitishwa kwa kura za nchi zisizo na fedha ungekuwa na wanachama wengi na mfuko mtupu.

Uamuzi wa nne ulikuwa kuikubali miradi ya mfano. Waliokuwa tayari kuikubali walisema kwamba ushahidi wa vitendo ungeondoa hofu za wapinzani, na kwamba kuondoka Novemba mikono mitupu kungeua mjadala wote. Waliopinga walisema kwamba hakuna anayehitaji mfano wa kuthibitisha kwamba dawa inaweza kutengenezwa kwa fedha za umma, kwa sababu mifano ilikuwa tayari ipo: mwaka 2010 WHO ilikuwa imekwishapendekeza kwa Afrika Mashariki tiba ya pamoja ya kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaoshambulia wengu na ini, iliyofupisha sindano kutoka siku 30 hadi 17, na tiba hiyo ilitokana na majaribio yaliyofanywa na ushirikiano usio wa kibiashara pamoja na watafiti wa ukanda wenyewe.

Matokeo

Miradi michache ilichaguliwa, mmojawapo ukiwa wa kala-azar, ugonjwa unaojulikana vizuri Baringo, Pokot na Turkana nchini Kenya. Nchi zilizochangia zilikuwa chache na fedha zilizopatikana zilikuwa pungufu sana ya mahitaji. Kilichokusudiwa kuwa jaribio la mfumo mpya wa ugharimiaji kikakwama kwenye kikwazo kilekile cha zamani, yaani kungoja hiari ya mchangiaji.

Mkutano wa wazi ulioahidiwa ulifanyika mapema Mei 2016. Azimio la mwezi huohuo, WHA69.23, liliagiza mipango ya mfuko wa pamoja na kuendeleza kituo cha takwimu, lakini halikuanzisha mazungumzo ya mkataba. Kituo hicho kilizinduliwa Januari 2017 na bado kinafanya kazi. Mtafiti wa Ifakara au Kilifi anaweza leo kuona nani anagharimia utafiti gani na wapi. Mfuko wa pamoja haukupata wachangiaji wa kuuendesha.

Mwezi huohuo wa Januari 2017, huko Davos, ulizinduliwa muungano wa kugharimia chanjo za milipuko, CEPI, ukiwa na ahadi za dola milioni 460 kutoka Ujerumani, Japani, Norway na mifuko miwili ya hisani. Ebola ya Afrika Magharibi ilikuwa imeua zaidi ya watu 11,000, na chanjo iliyokuja kufanya kazi ilikuwa imebuniwa Kanada miaka zaidi ya kumi kabla ikabaki maabara kwa kukosa mlipaji. Mwenyekiti wa lile jopo la 2012 lililopendekeza mkataba ndiye aliyekuwa mtendaji mkuu wa kwanza, wa muda, wa muungano huu wa hiari. Sisemi hivyo kwa kejeli. Alikwenda palipokuwa na fedha za kufanya kazi.

Na malale? Feksinidazoli, dawa ya kwanza ya malale ya vidonge pekee, inayomezwa kwa siku kumi, ilipata kibali cha kisayansi cha Ulaya Novemba 2018 baada ya majaribio yaliyofanywa zaidi Kongo. Kwa aina kali ya ugonjwa huo inayopatikana upande wetu wa mashariki, majaribio yalifanywa Malawi na Uganda. Dawa hiyo ilitengenezwa kwa michango ya hiari ya serikali na mifuko ya hisani, bila mkataba wowote.

Uchambuzi

Kilichofanikiwa zaidi ni kuibadilisha hoja iliyokuwa ya wanaharakati ikawa hati ya WHO. Mwaka 2003 kusema kwamba gharama za utafiti zitenganishwe na bei ya dawa kulionekana ni siasa. Kufikia 2012 lilikuwa pendekezo la wataalamu 21 walioteuliwa na nchi wanachama. Mafanikio haya yalitokana na subira ya watu wachache waliohudhuria kila kikao, wakati wajumbe wa nchi walikuwa wakibadilishwa kila baada ya miaka mitatu au minne. Kumbukumbu ya mjadala mara nyingi ilikuwa katika vichwa na makabrasha ya asasi kuliko wizarani, na mjumbe mpya wa Kiafrika aliyefika Geneva alikabidhiwa historia ya suala na mtu wa asasi. Hilo ni jambo jema kwa utetezi na ni udhaifu kwa serikali, maana anayekuhifadhia kumbukumbu ndiye pia anayekuchagulia cha kukumbuka.

Kilichoshindwa kwanza ni mfano wa tumbaku. Mkataba ule unazitaka serikali zikataze na zitoze kodi, mambo ambayo hayaigharimu hazina na hata huiingizia mapato. Mkataba wa utafiti ulidai fedha kila mwaka. Suala la namna hiyo huamuliwa na hazina, lakini lilijadiliwa na wizara za afya na mabalozi ambao hawana ufunguo wa hazina. Nadhani hapa ndipo kazi ilipopungua nyumbani kwetu kuliko Geneva. Mwaka 2008 huko Bamako, mawaziri walikuwa wameahidi kutenga angalau asilimia 2 ya bajeti za wizara za afya kwa utafiti, na miaka minne baadaye nchi nyingi za bara hili zilikuwa hazijafika hapo. Mpinzani hakuhitaji kulisema hilo mezani. Kila aliyekaa pale alilijua. Kenya ingekuwa na sauti nyingine kabisa kama ingefika Mei 2012 ikiwa imekwishatenga dola zake milioni 5 katika bajeti ya mwaka huo, pamoja na nchi nyingine tatu au nne za Jumuiya ya Afrika Mashariki.

La pili ni jinsi swali lilivyobadilishwa. Hadi Mei 2012 swali lilikuwa nani analazimika kulipa. Kufikia Novemba lilikuwa ni mradi gani utaonyesha nini. Upande uliokuwa na hoja ya wajibu ulikubali kupimwa kwa kipimo cha mafanikio ya miradi, na miradi ile ilitegemea fedha za walewale waliokuwa hawautaki wajibu. Kukubali miradi hakukuwa kosa lenyewe. Kosa lilikuwa kuikubali bila sharti. Azimio lingeweza kueleza kwamba iwapo asilimia fulani ya fedha haitapatikana kufikia tarehe fulani, mazungumzo ya mkataba yatafunguliwa bila mjadala mpya. Badala yake uliahidiwa mkutano, na mkutano ukafanyika.

Kuhusu wikiendi ya Luanda, sioni haja ya kutafuta njama. Tarehe za kamati za kanda hupangwa mapema mno. Hata hivyo, wakati WHA65.22 ikiandikwa, mtu mmoja upande wa Afrika angepaswa kuwa na kalenda mkononi na kudai kwamba mkutano wa wazi usogezwe hadi baada ya Mwaka Mpya. Ujumbe mdogo wenye watu wawili au watatu, unaofuatilia kamati mbili zinazoketi kwa wakati mmoja pamoja na vikundi vya uandishi, huishiwa nguvu kabla ya kufika kwenye aya za mwisho, na aya za mwisho ndizo zenye tarehe.

Jambo la mwisho linahusu yaliyotokea baada ya Uviko-19. Mei 2025 Baraza la Afya Duniani lilipitisha Mkataba wa Janga la Dunia, wa pili katika historia kupita chini ya Ibara ya 19. Kamati ya Baraza hilo iliuidhinisha kwa kura 124 bila upinzani, nchi 11 zikijizuia. Ibara yake ya 9 inahusu utafiti, na inazitaka nchi ziwe na sera za kuweka masharti ya upatikanaji wa dawa kwa haki katika utafiti unaogharimiwa na umma. Wazo la watetezi wa 2012 limo humo. Asilimia ya pato la taifa haimo, wala mfuko wa pamoja wa utafiti, na mkataba wenyewe unahusu majanga ya dunia nzima. Malale, kichocho, kala-azar na matende havivuki mipaka kwa ndege, hivyo vimebaki pale vilipokuwa, chini ya michango ya hiari, na hati pekee ya WHO iliyowahi kupendekeza wajibu wa kuvigharimia ni ile ripoti ya Aprili 2012, ambayo hakuna azimio lililowahi kuikataa.